Togwa ya Ndoo ya Bati

Watu wa Chanzuru walimwita mama yangu mchawi kwa sababu ya togwa, nami nikaapa kwamba neno hilo watalimeza wenyewe.

Enzi hizo za Ujamaa wanawake walipeana zamu ya kupeleka togwa, ule uji wa kuchachuka, shamba la kijiji. Zamu ya mama ilipofika, chungu chake kikubwa kilikuwa na ufa. Akaimimina togwa jioni kwenye ndoo mpya ya bati, ikachachukia humo mpaka asubuhi. Kwetu aliyepika hunywa kwanza, watu waone. Siku hiyo mama alikuwa amefunga sunna, hakunywa. Kabla ya adhuhuri nusu ya waliokuwa shambani walikuwa wanatapika.

"Alijua," wakasema. Wakamwondoa kwenye zamu, na kisimani akawa anakwenda peke yake.

Wakati huo nilikuwa najifunza kazi ya maabara hospitalini Kilosa. Nikabeba masalio ya togwa hiyo kwenye chupa, hasira zimenijaa. Mwalimu wangu hakusita: uchachu umekula zinki iliyopakwa kwenye bati, na watu wameinywa. Lakini tone moja nililotia kwenye uji mpya liliuchachua vizuri kabisa. Kilichowalaza wanaume wa jembe hakikuwaua vijidudu vya togwa! Miaka mingi baadaye nilisoma sababu. Bakteria huhitaji zinki kidogo tu. Ikipungua huivuta ndani, ikizidi huisukuma nje, kama sisi tunavyochota maji ya mafuriko na kuyamwaga nje ya nyumba, bila kupumzika. Nikawapenda bure bakteria hao.

Siku zilezile nilirudi nyumbani na chungu kipya, tukapika upya kwa chachu ileile.

"Wakinifukuza je?" mama akauliza.

"Watakufukuza ukiwa umekunywa mbele yao."

Tulifika shambani wakati wa mapumziko. Nikawaamkia wakubwa, nikawaonyesha ndani ya ndoo, palivyofifia mpaka pale togwa ilipofikia, nikaeleza yote. Mama akachota kata nzima kutoka chungu kipya, akanywa mpaka ikaisha. Akachota ya pili, akabaki ameinyoosha kwa watu. Niliumia, lakini sikumpokea.

Hapo jirani yetu, aliyetapika kuliko wote na kusema kuliko wote, akaweka jembe chini.

"Lete huku, dada," akasema. "Mkono utakuuma."

Mama akampa kata, ndipo akalia.