Sugu ya Fundi Muia

Saa moja asubuhi, Kawangware, karibu na njia ya kwenda Riruta. Fundi viatu Muia ameketi kigodani, kiatu kimepinduliwa gotini, nyundo mkononi. Misumari iko kwenye mkebe pembeni. Kila apigapo mmoja, mkono unarudi mkebeni, naye anaguna.

"Hii ya mkebe bado sijazoea," anasema. "Inanichelewesha."

Mafundi wa hapa huweka misumari mdomoni, wakaitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Muia, mzaliwa wa Machakos anayeishi Kambi Muru, Kibera, alifanya hivyo tangu ujana wake. Masika ya mwaka huu wa 1996, ulimi uligusa kivimbe ndani ya mdomo wa chini, pale pale misumari inapokaa.

"Nikasema ni sugu ya kazi. Si hata vidole viko nazo? Na haikuwa inauma."

Mafundi wenzake walimuunga mkono. Mkewe, Nduku, alimsihi aende zahanati. Akajibu kesho. Masika yakapita, kivimbe kipo.

"Kesho ya Baba Kasiva haifikangi," Nduku anacheka, ameketi kando ya mumewe.

Siku moja Rosebella, muuza dagaa wa omena kutoka Kisumu Ndogo, alileta kiatu kimeachama mbele, soli inaning'inia. Muia akamfokea: mbona amengoja hivyo?

"Ilianza kidogo tu, fundi, na haikuwa inanisumbua," mama huyo akajitetea.

Nduku alikuwa amemletea mumewe chai. Alimtazama tu mdomoni. Muia akaona haya, na kesho yake akafunga kazi, akaenda.

Muuguzi wa zahanati, Kavetsa, hakumcheka. Alimweleza kuwa uvimbe wa mdomoni ukikaa zaidi ya wiki mbili uonyeshwe daktari, hata kama hauumi. Mara nyingi huwa si kitu, lakini kwa kutazama tu hakuna anayejua. Hospitalini alikomtuma, kivimbe kilikatwa, kikapelekwa kupimwa.

Kungoja majibu ndiko kulikomuumiza. Thuo, mteja wake wa miaka mingi, alitaka ashonewe viatu vya harusi ya Desemba. Muia akamwambia atafute fundi mwingine.

"Ningekubali kazi ya Desemba aje, na sijui kama nitafika?"

Nduku hajawahi kusikia hilo hadi leo. Anamgeukia mumewe, machozi yakimlengalenga. "Na ukaninyamazia?"

"Ningekuambia nini, Mama Kasiva?"

Majibu yalikuwa mema: nyama iliyokua kwa kusuguliwa na misumari. Si saratani. Daktari alimwonya asirudishe misumari mdomoni, na fundi ametii, kwa manung'uniko.

Sasa ana mipango tele. Anataka kibanda chenye paa, na Krismasi ale nyumbani Machakos. Lakini siku ile ya majibu hakupitia kwake kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi Riruta, akabisha kwa Thuo.

"Alipofungua tu, nikamwambia, toa hiyo mguu nipime."