Siku Tatu za Nyuki

Venerande hakuwahi kumwonea wivu Romana, ingawa kilabu cha Romana ndicho kilichokuwa kikimmaliza mumewe. Wanawake wa Litapunga walimshangaa. Romana alikuwa mwanamke wa kutazamika, tena mcheshi, na Nestori alishinda kwake kutwa nzima. Lakini Venerande alijua mumewe anafuata pombe ya ndizi tu, na hata ingeuzwa na fisi angeinywa. Wivu wake, ule wa kumkosesha usingizi na kumfanya aunguze mboga, ulikuwa juu ya nyuki.

Ndiyo, nyuki. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Nestori alikuwa na mizinga kumi na minne porini, na ufundi wake aliupata kwa baba yake mzazi. Sasa nyuki hawapatani kabisa na harufu ya pombe. Mtu akiwafungulia mzinga huku jasho lake linanuka ndizi zilizochacha, wanamvamia yeye na wote aliokuja nao. Kwa hiyo kikundi cha wafuga nyuki kiliweka sheria: siku tatu kabla ya kurina asali, hakuna kuonja hata tone. Anayevunja anafukuzwa, na mizinga yake wanapewa wengine.

Na Nestori, ambaye aliwahi kuapa mbele ya padri kwamba ameacha na asiifikie hata Jumatatu, siku hizo tatu alizishika. Ya kwanza alitetemeka na kulowa jasho. Ya pili alianza kula. Ya tatu alikuwa mtu. Alioga, akanyoa ndevu, akapigilia mlango uliokuwa umelegea, akampigia simu binti yao Emelyne aliyekuwa fundi cherehani kule Kashaulili, wakacheka mpaka salio likaisha. Jioni alikaa jikoni akichambua maharage na mkewe, akimsimulia jinsi baba yake alivyodondoka mtini na mzinga mzima mikononi bila kuuachia. Venerande alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara ishirini, na kila mara aliingoja ile sehemu ya mzee kukaa pale chini, amepakata mzinga kama mtoto.

Siku ya nne Nestori alikwenda kurina, na akitoka huko alipitia kwa Romana. Basi, mume alikuwa amekwisha tena mpaka msimu mwingine.

"Mimi nimemlilia miaka kumi na tisa," Venerande alijisemea akisonga ugali. "Nimemzalia, nimemfulia matapishi, nimempigia magoti. Hao wadudu wamemfanyia nini? Hawajui hata jina lake." Aliwaita wake wenza. Mke mwenza mmoja unaweza kumsema, ukamsubiri kisimani, mkashikana mashati yakaisha. Maelfu utawasubiria wapi?

Mwaka huu, mwezi wa sita, ikaja siku ya tatu. Maharage yalikuwa motoni na Nestori alikuwa ametulia, macho meupe. Venerande akajikaza akasema lile alilokuwa analipanga tangu msimu uliopita.

"Baba Emelyne, kesho ukimaliza kurina, usipitie kwa Romana. Ongeza siku moja tu. Hiyo niongezee mimi."

Nestori akamtazama, akatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote.

"Mama Emelyne," akasema, "wewe huchomi kama nyuki bwana."

Akacheka, akaendelea na maharage yake. Venerande naye akacheka, maana afanye nini? Lakini neno lile lilimkosesha usingizi usiku kucha.

Asubuhi Nestori alipokwenda kuoga, yeye akaingia nyuma ya gunia la mahindi. Alijua kilichokuwa pale: kidumu kidogo cha pombe ambacho mumewe alikificha kikiingoja siku ya nne. Hata siku zile tatu, kumbe, kulikuwa na kitu kinamngojea, na kitu hicho si yeye. Akachovya kitambaa, akalipangusa koti la kurinia shingoni, makwapani na mgongoni, kisha akalikunja akalirudisha kwenye mfuko. Hakutaka kumuua mtu. Alitaka nyuki wamfukuze mara moja tu, aone kwamba na wao hawampendi. Koti lilikuwa limejaa moshi wa miaka, na pua ya Nestori ilikuwa imeizoea pombe kiasi kwamba hakusikia chochote. Akaliweka begani, akaaga, akaondoka akipiga mluzi.

Alirudishwa alasiri kwa bodaboda, ameegemezwa katikati ya dereva na Leonidas, mwenyekiti wa kikundi. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefunga. Kijana mwenzao Denis naye alichomwa, wakamwacha zahanati anaangaliwa.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Venerande akapiga kelele, na kelele ile ilikuwa ya kweli.

"Shemeji, samahani," Leonidas alisema, "lakini mumeo amekwenda kwenye mizinga amelewa. Koti lote linanuka pombe. Denis angetufia kule. Jumapili baada ya misa tunakaa kikao, na sheria unaijua."

Nestori akainua kichwa. Midomo haikumtii vizuri. "Sijanywa. Mama Emelyne, waambie. Siku zote tatu nilikuwa na wewe. Waambie."

Venerande akatazama chini. Akasema, "Tumwingize ndani kwanza."

Siku zilizofuata alimtoa miiba kwa kucha, akamkanda kwa maji baridi, akamnywesha uji kwa kijiko. Mtu asiyeweza kufungua macho hawezi kwenda kwa Romana. Ya nne ikapita, ya tano, ya sita, na Nestori yuko mkavu, wa kwake peke yake. Niseme ukweli, Venerande alifurahi. Alisuka nywele. Aliwawaza wale wake wenza huko porini na akajiona amewashinda.

Ila Nestori hakuwa anaongea. Aligeukia ukutani. Jumamosi jioni Venerande alimletea maharage ayachambue kwa kupapasa, na yeye akayasogeza pembeni.

"Maisha yangu yote naitwa mlevi," alisema, "na sijawahi kubisha, maana ni kweli. Safari hii ni uongo. Nimekaa siku tatu kama mtu, na hakuna anayeniamini. Hata wewe uliyekuwa nami hukusema neno. Sasa nikae hizo siku tatu kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo Venerande alipoona alichofanya. Wakichukua mizinga, hakuna kurina. Bila kurina, hakuna siku ya tatu, si msimu ujao wala mwaka ujao, hadi kufa. Kitu pekee kilichokuwa kikimrudishia mume, japo kwa kuazimwa, amekiharibu kwa mkono wake.

Jumapili walikaa kwenye ghala la kikundi. Nestori aliketi mwisho kabisa wa benchi, kofia imefunika uso. Leonidas alipouliza kama kuna mwenye neno, Venerande akasimama.

"Hakunywa," akasema. "Koti nililipaka mimi. Denis, nisamehe mwanangu."

"Shemeji," Leonidas akauliza taratibu, "kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa mwanamke gani?"

"Wa nyuki. Anawaachia pombe wao. Mimi hajaniachia hata siku moja."

Waliangua kicheko, wengine wakapiga makofi, na Denis, ambaye shavu lake lilikuwa bado limevimba, alicheka huku akilishika. Nestori hakucheka. Alivua kofia, akamwangalia mkewe kwa jicho moja lililokuwa limefunguka.

"Nilisema huchomi," akasema. "Nilikosea."

Mizinga yake akabaki nayo. Leonidas alimwomba radhi mbele ya watu wote, wakapeana mikono. Jioni hiyo Nestori alipitia kwa Romana, na mambo yakaendelea kama kawaida: kulewa, kuanguka, kuogeshwa. Hakumpiga mkewe wala kumtukana. Venerande alianza kuhesabu miezi, akidhani yamekwisha.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, ikiwa zimebaki siku tatu kurina, Nestori alitoa koti msumarini, akalitia kwenye mfuko.

"Sina hasira na wewe, Mama Emelyne," alisema akiwa mlangoni, mikono tayari inatetemeka. "Lakini hili siwezi tena kulitundika hapa. Siku hizi tatu nitakaa kwa Leonidas."

Siku ya tatu Venerande alipika maharage, akayafunika, akayapeleka. Hakufika hata mlangoni. Nje ya ua aliisikia sauti ya mumewe, nyepesi, ya mtu aliyeoga na kunyoa, inasimulia mzee aliyedondoka na mzinga. Ilipofika ile sehemu ya kuupakata, Specioza, mke wa Leonidas, akacheka mpaka akakohoa, na kupitia mwanya wa mabua Venerande akaona ungo wa maharage kati yao, mikono ya Nestori inachambua. Wivu ukampanda mpaka macho yakaingia giza. Nyuki angalau walikuwa wakimwachia hii saa.

Akageuka na bakuli lake. Njiani maharage yalimwagika kidogo kwenye kitenge na hakujifuta.

Kesho yake jua lilipozama Nestori alirudi nyumbani amelewa chakari, akaugonga mlango kwa kiganja akiita jina la mkewe. Venerande akaenda akamfungulia.