Kahindo ameuma guide mpaka damu

Leo mutoto mwenye ninalea ameuma mutu mpaka damu, mu musée, nyumba ya makumbusho ya historia, hapa Kinshasa.



Kahindo ni mutoto wa marehemu dada yangu wa Beni. Batu balikuja na mapanga, bakaua bazazi bake, yeye akapona chini ya kitanda. Sasa anaishi kwetu Butembo, na tumekuja huku kwa ndoa ya ndugu yangu.

Tulikuwa tunatembea muzuri tu.

Halafu guide, kijana mupole kabisa mwenye alikuwa anatutembeza, akainua panga ya zamani juu ya kichwa, aonyeshe batoto namna bankambo, babu zetu ba zamani, balipigana vita.

Kahindo hakulia. Alisukuma mutoto wangu Kambale chini ya meza, akamulalia juu. "Usipumue," akamuambia.

Guide akainama amutoe. Kahindo akamukamata mukono na meno, akamukwaruza uso, damu ikaanguka chini.

Baba moja mwenye alikuja kutembelea akainua mukono amupige. Nikasimama katikati. Kofi ikanipata mimi.

"Muache," guide akasema. Akaniuliza, "Mama, munatoka wapi?"

"Butembo. Lakini huyu mutoto ni wa Beni."

Akapeleka panga mbali, akarudi kukaa chini, damu inatiririka, mpaka Kahindo akatoka yeye mwenyewe.

"Bale ba mapanga bameenda?" mutoto akaniuliza.

Nikamujibu ndiyo.

Lakini kesho tunarudia Butembo, na vita ingali kule. Nyinyi bazazi, mungemujibu nini?