Mwalimu Aliyeagwa Kila Novemba

Wiki hii nilikuwa nimekusudia kuwasumbua tena na mashimo ya barabara yetu, lakini mashimo yatangoja, yana subira kutushinda. Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa nasikiliza matangazo ya vifo redioni, kama tunavyofanya wengi wetu huku Migori, mtu akiomba moyoni asisikie jina analolijua. Nikalisikia. Mtangazaji alitaja kijiji cha marehemu huko upande wa Sindo, akamtaja mjane na watoto, akasema alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kibinafsi hapa Suna. Nikazima redio. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama betri zimekwisha tena. Nikamwambia rafiki yangu mwalimu amefariki. "Yule wa kuagwa?" akauliza. Nikamwambia ndiye huyo, naye akaketi kitini na mwiko wake mkononi.

Wa kuagwa ni jina tulilompa wenyewe kwa utani, na sasa linanichoma. Shule aliyofundisha ilikuwa na desturi yake. Kila Novemba, watoto wakishafunga, mwenye shule aliwaandalia walimu chai ya maziwa na mandazi, akamwalika mchungaji na wazazi wachache wa kamati. Kila mwalimu alisimama akashukuru kwa nafasi aliyopewa, akaaga, akaombewa safari njema. Januari walewale walirudi wakaambiwa karibuni, wakaanza upya kama wageni. Desemba haikuwa na mshahara, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza, maana nani amlipe mtu aliyekwisha kuaga? Walimu wote pale walikuwa wa muda. Rafiki yangu alikuwepo tangu shule ilipokuwa madarasa ya matope, akazeeka katika huo muda. Tena aliaga vizuri kuliko wote. Alikuwa na sauti ya kanisani, akimshukuru mwenye shule hadi wazazi wanapangusa machozi. Sisi majirani tulimcheka: omera, ndugu yetu, mwaka huu umewaliza wangapi?

Utani uliisha Januari moja, aliporudi akaambiwa asubiri kwanza, idadi ya watoto haijajulikana. Alikuwa anaishi katika nyumba ya shule, na watoto wake walisoma palepale bila karo. Kwa hiyo kusubiri kule kulikuwa kukaa nyumbani kwa mtu na kusomesha watoto kwa mtu, bila kujua kama kesho yake ataambiwa ahame. Alikuja kwangu akiwa amekonda. Mimi ni mwalimu wa serikali mstaafu. Nilipougua nililipwa nikiwa kitandani, na nilipohamishwa nilipewa barua. Yeye alitaka kitu kidogo tu: atambuliwe kuwa yuko kazini, asiweze kufukuzwa kwa kuambiwa subiri. Nikamsindikiza Homa Bay kwa afisa wa kazi.

Afisa alikuwa kijana wa Taita mwenye Kiswahili kitamu, na alitusikiliza bila haraka. Akasema sheria haimtazami mtu ameitwa nani, bali anafanya kazi gani na analipwaje. Anayelipwa kwa mwezi si kibarua wa siku, na hawezi kuondolewa bila notisi. "Mwalimu, hapa una miguu ya kusimamia," akasema. Tulirudi tukiwa tumenyooka migongo. Siku ya kuitwa pande zote mbili, mwenye shule alikuja na mchungaji na mzazi mmoja wa kamati, watu wa heshima, suti zimepigwa pasi. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba yeye hajamfukuza mtu. Mwalimu huacha kazi mwenyewe kila Novemba, akaaga hadharani, akaombewa. Mashahidi ndio hawa. Afisa akamgeukia rafiki yangu.

"Ni kweli ulisimama ukaaga?"

"Nilisimama."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hapana, bwana. Ni heshima tu. Mzee amekuita mezani, huwezi kunywa chai yake halafu unyamaze."

Niliona uso wa yule kijana ukibadilika. Alijaribu tena, akamwuliza kama alikusudia kuondoka kweli. Rafiki yangu akamtazama mchungaji, akamtazama mwenye shule, akasema hakutaka kumfanya mzee aonekane mwongo mbele za watu. Kesi ikaishia hapo: aliyeaga mwenyewe hakufukuzwa. Tulipotoka, mwenye shule alimshika bega. "Japuonj, mwalimu wangu, mimi sina kinyongo," akamwambia. "Jumatatu njoo ushike darasa lako." Naye akashukuru! Niliudhika hata nikashindwa kula samaki niliyeagiza pale mjini. Nikamwuliza kwa nini hata sasa anashukuru. Akanijibu kwamba mimi nina pensheni, ndiyo maana naweza kuudhika. Jumatatu alikwenda, na Novemba akasimama tena akaaga.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Siwabishii, ila hawakufundisha katika shule ya kibinafsi. Huku kwetu mtoto hulelewa kushukuru kabla hajapewa, na mkubwa akikutolea chai ni lazima umpe neno zuri. Ni malezi mema, nami nimewalea wangu hivyo. Lakini yupo mtu aliyetazama malezi hayo akaona yanaweza kumfanyia bure kazi ambayo notisi ya sheria ingemgharimu. Shule hizi zinaota kila mahali sasa, Suna, Rongo, Homa Bay mpaka Mbita, na kila moja ina walimu wazuri wanaoogopa Januari. Sheria ipo, nimeisikia kwa masikio yangu ikisemwa na mtu aliyeipenda. Shida ni kwamba inamtaka mnyonge aonekane mkaidi mbele ya watu ambao kesho atawaomba chumvi.

Tulimzika Jumamosi nyumbani kwa baba yake. Mwenye shule alikuja na lori la wanafunzi, akapewa nafasi ya kusema. Alilia, na siamini kwamba aliigiza. Akasema, "Mwalimu huyu hakutuacha hata siku moja tangu tulipofungua shule." Mwalimu mmoja wa kike aliyeketi kando yangu akanifinya mkono. Umati wote ulikuwa umesikia, mchungaji yuleyule akiitikia amina. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa amekana kule kuaga kwa kila Novemba. Niliwaza stahili zake alizonyimwa, nikawaza yule kijana wa Taita na mashahidi mia nitakaompelekea.

Kesho yake nilimfuata mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka na wakwe zake. Nikamwambia tunaweza kurudi Homa Bay, safari hii hakuna wa kubisha. Alinisikiliza hadi mwisho. "Shemeji," akasema, "watoto wawili bado wako kwake. Amesema watamaliza bure. Nikimshtaki, nitawapeleka wapi?" Kisha akaongeza, bila uchungu wowote, kwamba lazima atafute siku aende kumshukuru mzee kwa lile lori.

Nimerudi Suna nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda, ndiyo maana naiweka hapa. Mwalimu unayenisoma, Novemba inakuja. Chai kunywa, maziwa na sukari ni jasho lako. Mandazi kula, na salamu za heshima wape wote. Lakini wakikuambia usimame uage, na wewe huendi popote, baki umeketi.