Jua la Alasiri Nililolihamisha

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, nyinyi mtafuata, maana mimi ndiye mjinga aliyezaliwa Bujumbura, akaona jua likizama nyuma ya milima ya Congo kila siku ya maisha yake, kisha akalipeleka upande mwingine.

Shule niliiacha wazazi walipofariki, nikamlea mdogo wangu Zaituni kwa kutengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta (nilijiona profesa, msiniulize). Basi Mzee Nasoro, muuza vitambaa, akaniomba picha ya nyumba anayotaka kujenga mtaani Mutanga Sud, baraza ikitazama ziwa, nami nikajua akiridhika, wenye maduka wenzake watanijia, na kadi za harusi nitaagana nazo. Programu ya kuchorea nyumba ikaniuliza mahali na saa, ili iliweke jua panapostahili. Nikaipuuza, nikalivuta jua hadi nyuma ya nyumba, kwa sababu baraza ilipendeza ikiwa kivulini.

Zaituni akachungulia. “Dada, saa kumi jua iko huko?”

“We! Nimekulea mimi, leo unanifundisha jua?”

Nikachapisha bango kubwa kama mlango, chini nikaandika kwa herufi za dhahabu: Chai ya Alasiri. Mzee akataka tukutane kiwanjani baada ya swala ya alasiri, akaja na mkewe, Mama Rukia, na mafundi wawili. Mimi na Zaituni tulibeba bango. Tukasimama pale pale ambapo baraza yangu ingejengwa, jua la ziwani likitupiga usoni hadi tukakunja nyuso kama watu waliolamba ndimu, na kwenye bango kivuli cha mnazi kimelala kuelekea ziwani, baridiii.

Mama Rukia akatazama picha, akatazama ziwa. “Binti, hapa nitakunywa chai ao nitachomwa?”

“Mama, ni... mtindo wa kisasa.”

“Jua ya kisasa!” fundi mmoja akapiga makofi. “Inaenda kulala Bugarama, kule milima ya mashariki!”

Mzee hakucheka. “We unaswali alasiri kila siku. Kivuli yako huioni?”

Zaituni alikuwa akitazama viatu vyake, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Mama Rukia akawaamuru mafundi wainue bango, akaketi nyuma yake. “Apana tupa. Huku nyuma ndiko kuna kivuli ya kweli.”

Kazi alipewa mwingine. Bango lilibaki kiwanjani, mafundi wakajikinga nalo. Siku hizi, kabla sijawasha kompyuta, ninakwenda kiwanjani saa ile ile, ninasimama na kutazama kivuli changu kinaangukia wapi, na Zaituni akisema neno lolote kuhusu jua, ninafunga mdomo.