Jina la Siku ya Saba

Bibi alitoka eda siku ya Jumatatu. Jumanne akanipigia simu. "Mwanangu, wewe unayeandika vitabu, unajua kutafuta kaburi?"

Kaburi lilikuwa la mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa London yeye na Babu walipokuja baada ya Mapinduzi, akaishi siku tano. Wanaume walimchukua asubuhi wakaenda kumzika. Bibi, kama wanawake wa kwetu, alibaki nyumbani. Babu hakumwambia kamwe ni wapi. Alidhani kunyamaza ndiko kumhurumia. Sasa Babu naye ametangulia, na waliofuatana naye asubuhi ile hawapo tena.

Nikaenda kwenye chumba cha kumbukumbu cha baraza la mtaa, juu ya maktaba, ambako rejista za zamani za makaburi yote ya mtaa zimehifadhiwa kwenye filamu. Kwa siku tatu nilizungusha kigurudumu cha mashine, kurasa za miezi ya baridi zikipita kama theluji, nikitafuta jina alilonitajia Bibi kwenye simu kwa sauti ndogo. Sikuliona.

Siku ya nne akaja mwenyewe, koti la baridi juu ya buibui, visheti vya kutafuna njiani mkobani. Msimamizi, mama wa Kizungu mpole, alituomba tuache nje visheti na kalamu za wino. Mle ndani ni penseli tu.

"Hata uwanja wa ndege sikupekuliwa hivi," alisema Bibi, akaketi.

Nikamwuliza kama Babu alilitaja lile jina sawasawa alipokwenda kuandikisha maziko.

Akanishangaa. "Atalitajaje? Jina lilikuwa la kutolewa siku ya saba, kama ada yetu. Nilikuwa nalo moyoni. Babu yako mwenyewe sikumwambia."

Nikarudisha filamu nyuma. Safari hii sikusoma majina, nilisoma anwani. Kwenye ukurasa niliokwisha kuupita mara mbili, nikaiona: mtoto wa kike, siku tano, bila jina lolote, na ile nyumba ya Kilburn aliyozoea kunisimulia Bibi, walimopanga chumba juu ya duka la viatu. Pembeni, makaburi alimozikwa na nambari ya kaburi.

Nikamsomea. Bibi aliweka kidole juu ya kioo, akakiacha pale.

"Makaburi hayo nayapita na basi kila nikienda sokoni," alisema. Kisha, "Mwambie huyu mama aliandike jina."

Msimamizi alieleza kwa upole kwamba rejista haibadilishwi. Akampa karatasi na penseli. Bibi akanakili nambari, na ubavuni mwake, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni, akaandika jina. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Kutoka hapa tunapanda basi gani kwenda kwake?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi tuliozaliwa hapa.

"Leo sema Kiswahili," alisema Bibi, akifunga vifungo vya koti. "Shangazi yako hajui Kizungu."