Nyumba ya Milango Miwili

Baba mkwe wangu alihamia kwetu Nyabusozi akiwa na sanduku la bati, redio na filimbi. Nyumba yake ya Kasulo ilikuwa imeangushwa na masika: ukuta wa nyuma ulitangulia, paa likafuata. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alimleta kwa pikipiki, akamkabidhi kwangu, akarudi Rusumo kwenye kazi yake ya kutoa mizigo forodhani. Yeye huja nyumbani Jumamosi, na watoto wetu wanasoma bweni. Basi siku za kazi nyumba ilibaki na watu wawili: mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na koplo mstaafu aliyeendesha malori ya jeshi kwenye vita vya Uganda.

Alikuwa mzee mwema. Taabu ni kwamba wema wake ulianza saa kumi na moja alfajiri. Filimbi ikilia, nilitoka nikijifunga kanga na kumkuta uani, ufagio mkononi, ua umeshafagiwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwarimu. Leo umechelewa kidogo."

Aliniita hivyo siku zote, kwa ile r yake ya Kihangaza. Sufuria zangu alizipanga kwa ukubwa, na viatu vyangu akavisimamisha mstari mmoja kama vinasubiri kukaguliwa. Baada ya miezi mitatu nilianza kujificha shuleni, nikisahihisha madaftari ambayo nilikwisha kuyasahihisha.

Ndipo niliposikia habari za kikundi cha wastaafu wa jeshi wa pande zetu. Kila mwaka baada ya mavuno huchangishana na kumjengea nyumba mwenzao mmoja asiye na makazi. Nikaandika barua ya maombi kwa niaba ya baba mkwe, mwandiko wangu mzuri kuliko yote, na sikumwambia. Nilijiridhisha kwamba namhurumia yeye. Ukweli ni kwamba nilikuwa najihurumia mimi.

Wazee watatu wa kikundi walikuja Jumanne alasiri, nimeshatoka shuleni. Baba mkwe aliwapokea, akawakalisha, akaisoma barua yangu waliyokuja nayo mwanzo hadi mwisho. Kisha akaikunja vizuri na kuiweka mezani.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Lakini hapa hakuna mhitaji. Nalala kitandani, nakula mara tatu, na mkwe wangu hajawahi kuninunia. Kama mnatafuta mhitaji, nifuateni."

Nilitamani sakafu inimeze. Alisimama, akachukua kofia, na mimi nikaona ni heri niende nao kuliko kubaki peke yangu na aibu yangu.

Tulitembea kama nusu saa, tukapita mashamba ya mihogo mpaka kwenye bani kuukuu la kukaushia tumbaku. Ni jengo refu la udongo, halina dirisha hata moja. Ndani aliishi mzee mmoja Mwislamu, aliyefiwa na mke, macho yake yameshamwacha. Jeshini alikuwa fundi mwashi. Kando ya mafiga yake niliiona sufuria yangu ndogo, ile niliyoitafuta wiki nzima. Nikaelewa kwa nini baba mkwe alikuwa akienda "mnadani" kila Jumanne na kurudi mikono mitupu.

"Koplo, leo umekuja na kikosi?" mzee aliuliza, akisikiliza miguu yetu.

"Wamekuja kuona unavyoishi."

"Wakaribie. Ila wasiniulize kama kuna giza. Mimi na hili bani tumelingana."

Wazee wa kikundi walicheka, kisha wakainua macho kutazama dari iliyooza. Uamuzi wa kumjengea yeye ulifanyika palepale mlangoni. Mimi nilirudi nyumbani na sufuria yangu, na filimbi ikaendelea kulia alfajiri.

Ujenzi ulianza mwezi uliofuata, kwenye kiwanja kilichotolewa na serikali ya kijiji. Wastaafu walikuja kutoka Ngara na Biharamulo, wengine na fimbo, wengine na wajukuu wa kubeba matofali. Kasoro ilikuwa moja tu: kila mmoja alikuja kuamuru. Sajini mmoja alipima msingi, sajini mwingine akaupima upya. Fundi kijana tuliyemkodi aliweka chini mwiko wake mara mbili, akiapa kwamba ataondoka. Mimi na wanawake wengine tulipika ndizi na maharage, tukavipeleka kwa wingi, maana tuligundua kuwa wakila hawaamuru.

Siku kuta zilipofika madirishani, yule mzee wa bani aliomba ashikwe mkono azungushwe. Alipitisha kiganja ukutani polepole, tofali kwa tofali. Kwenye kona ya nyuma akasimama.

"Hapa pamelala nje," alisema.

Yule sajini aliyepima kwanza akakunja uso. "Ndugu yangu, wewe huoni."

"Sioni, lakini nashika. Leteni timazi."

Fundi akaitundika ile kamba yenye uzito. Ukuta ulikuwa umelala nje upana wa vidole viwili. Sajini huyo akawa wa kwanza kuvua koti, akaanza kubomoa kona kwa mikono yake. Tangu hapo amri zilitolewa na mtu mmoja tu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kuta zikapanda zimenyooka.

Nyumba ilipoezekwa ilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa nje. Nilidhani cha pili ni stoo. Jioni moja baba mkwe alinikuta nikichambua mchele, akakaa kwenye kigoda, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mwarimu, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, Baba?"

"Mwenzangu anasema mlango wa pili hakuujenga kwa ajili ya mbuzi."

Kwa miezi minane nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Ilipofika, nikabaki nachambua mchele uliokwisha kuwa safi. Nilimwomba radhi kwa ile barua. Akasema barua ilikuwa sahihi, ila ilikosea anwani.

Mume wangu alihamisha sanduku Jumamosi. Sasa mimi huwatembelea Jumapili baada ya misa. Mara ya mwisho niliwakuta wakibishana kuhusu maharage yaliyopandwa chini ya dirisha. Baba mkwe alisema bado hayajafika kupaliliwa, mwenzake akasema yamefika, huku tayari amepiga magoti akiyapapasa na kung'oa magugu kwa vidole.

"Mwambie hilo alilong'oa ni haragwe," baba mkwe aliniambia.

Nililiangalia. Lilikuwa gugu. Nikawaambia naingia ndani kuchemsha chai.